Sindano Yako na Yangu

Dada yangu Kwamboka,

Leo wanachuma chai huku Nyamira, lakini mimi nimebaki ndani. Tangu tukuzike sijapita soko la Daraja Mbili. Naambiwa pale ulipokuwa ukiuzia ndizi amekaa mama mwingine, na sitaki kumwona.

Kisukari tulikirithi sote wawili kwa mama. Kilipokupata wewe kwanza, mimi nilikuwa bado naona ni ugonjwa wa watu wengine. Kiliponifikia, wewe ndiwe uliyenifundisha kujichoma insulini. Ulinishika mkono. "Moraa, acha kuiangalia kama nyoka. Finya ngozi, choma, toa." Kisha ukanipakulia ugali wa wimbi, kipande kidogo, na mboga ya chinsaga nyingi, ukala nami kipande kidogo vilevile ili nisijione peke yangu.

Halafu miguu ikaanza kukuuma. Tukipanda kwenda kwako Kiogoro, ulikuwa ukisimama kila mara kama mtu anayesalimia jirani. Nikakuuliza, "Unasalimia nani, na njia haina mtu?" Ukacheka huku unahema. "Nausalimia mlima."

Nilikusindikiza kliniki. Daktari alisema mishipa yako ya damu imeziba-ziba, akakuanzishia sindano nyingine, ya mara moja kwa wiki, badala ya insulini. Nilimuuliza inaishinda insulini kwa lipi. Akasema insulini inashusha sukari, na sukari ikishuka mishipa inapumzika. Lakini hii ya wiki, kwa wagonjwa kama wewe, imeonekana pia kupunguza kiharusi na shtuko la moyo. "Kupunguza," alirudia. Sisi tulisikia kuponya.

Mwanzoni ilikutapisha, ukakonda, lakini ulifurahi. "Mimi ni wa Ijumaa tu, kisha naingia Sabato yangu. Wewe endelea kujitoboa kila jioni!" Nilikuonea wivu, dada.

Ukaanguka sokoni asubuhi, katikati ya wateja. Nilikukuta hospitalini mdomo umepinda, mkono mmoja umelala. Ulitaka kuniambia kitu na maneno hayakutoka. Mpaka leo nayatafuta maneno hayo. Ulikata roho kabla jua halijatua.

Kwenye matanga, kaka yetu Nyakundi alisimama mbele ya watu akasema, "Ile sindano mpya ndiyo imemmaliza." Hakuna aliyembishia. Mimi pia nilimwamini, kwa sababu mtu aliyefiwa anataka mahali pa kuweka hasira. Nilirudi kwa yule daktari nikiwa nimejaa maneno makali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Haikumuua, mama. Mishipa yake ilianza kuharibika miaka mingi kabla hajafika kwangu. Sindano inapunguza hatari, haifuti yaliyokwisha kuharibika."

Ningefurahi kama angegombana nami. Nilitoka pale sina wa kumlaumu, na huko ndiko kufiwa kwenyewe.

Sasa ni zamu yangu. Miguu imeanza kuwa mizito, na daktari anataka niongezewe ile ya kwako, insulini niendelee nayo. Nyakundi amenipigia simu: "Moraa, usithubutu. Unataka tukuzike na wewe?" Ninaogopa, Kwamboka. Nikiikataa naogopa, nikiikubali naogopa.

Juzi nilikwenda kliniki hivyo hivyo. Daktari alinipaka mafuta baridi kwenye kifundo cha mguu, akaweka kidude kidogo chenye spika. Kikawa kimya. Akakisogeza, kikawa kimya tena, nami nikaanza kulia. Kisha ukatoka mlio hafifu, shuu, shuu, shuu.

"Ni nini hiyo?"

"Ni damu yako. Bado inafika."

Nikafumba macho nikausikiliza, nikijua kwamba wewe hukupata wa kukusikiliza mapema hivi. Nikapandisha blauzi, nikamwambia anichome ile ya kwako.

Pumzika, dada. Huku nyuma nitakulilia kwa muda wote nitakaopewa.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Moraa