Maua ya Mbugani Niliyoyaita Dawa

Bi Zakia mpendwa, assalaam alaykum, na shikamoo kama umenizidi, maana ile picha yako ya gazetini ni ndogo sikuweza kukadiria. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, niko huku Kiranjeranje, elimu yangu ni darasa la saba na chuo cha Kurani, mume wangu ni Yunusu, mkulima wa ufuta, mtu mpole na swala haimpiti, watoto wamekua wametawanyika, binti yetu Warda kaolewa Mtama, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili.

Jambo langu ni maua. Najua wenzangu wanakuandikia habari za waume na mawifi, na mimi nakuandikia habari za maua, lakini ukifika mwisho utaona kuna roho ya mtu humu ndani.

Nyuma ya kijiji chetu kulikuwa na mbuga, nyasi tupu mpaka kwenye vilima, na tangu mimi mtoto ilikuwa inaungua kila kiangazi inabaki nyeusi tii, halafu mvua ya kwanza ikiigusa tu, kabla hata nyasi hazijajua kama imenyesha, maua yanatoka kwenye majivu. Kuna moja ni mpira mwekundu, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, wote ni sindano sindano nyekundu na kila sindano ina unga wa manjano kwenye ncha, na unatoka ardhini peke yake bila jani hata moja, jioni hakuna kitu na asubuhi upo. Kuna meupe yenye mistari ya waridi kama mtu kachora kwa kalamu. Kuna madogo ya manjano. Na kuna moja linatambaa, jani lake lina ncha iliyojikunja kama kidole linashika nyasi za jirani linapanda, na ua lake ni jekundu kwa manjano, limejigeuza nyuma kama moto unaopulizwa. Hilo mama yangu alitukataza, alisema mbuzi wa jirani alikula mzizi wake akafa mchana uleule, tukilisogelea tulichapwa.

Miaka minne iliyopita mbuga ikaanza kulimwa, trekta likaingia, na sisi tukapata eneo letu. Simlaumu mtu, ufuta ndio uliotuezekea bati. Lakini siku tuliyokwenda kulikagua shamba mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tu, nikaikuta ile mipira myekundu imesimama kila mahali, Bi Zakia, mamia kwa mamia kama watu waliokuja kusikiliza hotuba, na trekta linanguruma pale pembeni. Nikasema Subhanallah, na hawa wote kesho hawapo. Yunusu alikuwa anaongea na dereva, mimi nikachukua jembe nikaanza kuchimba, mizizi yake ni kama vitunguu vikubwa, nikajaza ndoo, nikachimba na meupe na ya manjano, na lile la moto nalo nikalichukua, Mungu anisamehe, kwa sababu lilikuwa zuri.

Nikayapanda uani nyuma ya bafu. Mvua zilipoisha yakakauka yote, miezi kwa miezi pale chini hakuna kitu, udongo kama tofali, nikasema basi yamekufa. Halafu mwaka uliofuata, alfajiri, natoka kutawadha, mvua ya kwanza ilikuwa imepita, nikaona udongo umepasuka na kichwa chekundu kinachungulia. Nilikaa chini kwenye tope na nguo zangu za swala. Nilisema, ya Rabi, hiki kitu kilikuwa kinangoja nini huko chini muda wote huo, nani alikiambia sasa? Bi Zakia, nimefundishwa habari ya ufufuo tangu nina miaka saba na naiamini, lakini siku ile ndiyo niliiona.

Sasa sikiliza kosa langu. Huku kwetu uwanja wa mwanamke unafagiliwa mpaka mchanga unaonyesha mistari ya ufagio, ukiwa na majani uani wewe ni mvivu, unafuga nyoka. Yunusu akaja akaniuliza:

"Mama Warda, haya majani ya nini? Nataka kuweka kichanja changu hapa."

Nikaona nikisema ni maua atacheka na kesho kichanja kipo. Mdomo ukatangulia. "Dawa," nikasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya wanawake."

Unawajua wanaume, ukitaja dawa ya wanawake hawaulizi la pili. Kesho yake akakata fito akayazungushia, na mbuzi wake akawafunga mbali. Nikaona nimepata. Miaka mitatu hiyo nimekaa na uwongo wangu kama kitu cha kawaida.

Mwaka huu mvua ziliponyesha, jirani yangu Kazija akaja. Kazija na mimi tumezaa pamoja, tumezika pamoja, chumvi yake ni yangu. Ana presha, anakunywa vidonge vya zahanati. Akasimama kwenye fito akaniambia, "Mama Warda, miaka ishirini jirani, una dawa unanificha?"

"Si dawa kubwa," nikasema.

"Kwa presha inafaa?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu. Lakini niliona haya, nikaona Yunusu yupo barazani anasikia, nikasema, "Kwa wengine inafaa." Nikamchumia majani ya yale madogo ya manjano, kwa sababu mbuzi huyala na hawafi.

Bi Zakia, leo ni wiki ya tatu. Kila asubuhi anachemsha, vidonge kaviweka kwenye kopo kalifunika, siku ya kliniki hakwenda. Anasema kichwa kimekuwa chepesi. Ananisifia kisimani. Mwanamke mwingine, Mwanaidi, kaniletea mpaka kuku, nimemwambia dawa imekwisha, akaniachia kuku akasema nimweke kwenye foleni, na kuku mwenyewe anataga.

Halafu Jumapili Kazija alikuja akakaa chini mlangoni kwangu ghafla, akasema macho yanaona giza, miguu imemvimba. Nikampa maji. Akanyoosha kidole kule uani kwenye lile la moto. "Na hilo jekundu? Hilo ndilo linaonekana lina nguvu."

Na mimi, badala ya kusema ni sumu, nikasema, "Hilo bado."

"Bado nini?"

"Halijafika wakati wake."

Akacheka, akasema, "Wewe una uchoyo wewe. Jumamosi nakuja na kijembe changu, nachimba mwenyewe."

Nikimwambia kweli atanitangaza kijiji kizima na ana haki. Yunusu atajua nimemdanganya miaka mitatu chini ya bati lake. Na maua atayafyeka, na hayapo tena mahali pengine, mbuga yote sasa ni ufuta hadi macho yanapoishia, mimi ndiye niliyebaki nayo. Nimeswali, nimelia kwenye sijda, nimefunga Jumatatu na Alhamisi. Jana nilishika jembe niyang'oe yote niseme dawa imekufa, nikafika pale nikaukuta mpira mmoja umefunguka na nyuki wameujaa, jembe nikaliweka chini. Nifanyeje nimwokoe Kazija na maua yangu yabaki? Namba yangu ya simu nimeiandika hapa chini. Majina tafadhali yabadilishe.

Mama Warda, Kiranjeranje


BI ZAKIA ANAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia Alhamisi mchana na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, kwa hiyo sikungoja gazeti. Majibu nilimtumia dada huyu kwenye simu saa ileile. Nayachapa kama yalivyokwenda, majina tu ndiyo si yao, kwa sababu najua wanaochemsha majani wakaacha vidonge si Kazija peke yake.

Waalaykum salaam, Mama Warda, na marahaba, nimekuzidi.

Pale uliposema udongo umepasuka na kichwa chekundu kinachungulia, niliweka barua yako chini nikatazama dirishani. Nimezaliwa Lindi, nimepita kwenye mbuga hizo maisha yangu yote ndani ya basi, wala sikuwahi kumwambia dereva simama nishuke. Kwa hiyo sikucheki. Kuyapenda hayo maua hukukosea, na kukaa kwenye tope ukimtaja Mola wako hukukosea. Ulikosea kwa neno moja, "dawa": ulilisema kwa mumeo, ukalirudia kwa jirani yako, na Jumapili, mgonjwa amekaa mlangoni pako haoni vizuri, ukalirudia tena. "Hilo bado"! Mama, umemwekea mtu miadi na sumu.

Unasema umeswali na umefunga. Mungu akutakabalie. Lakini umemweleza Mwenyezi Mungu, ambaye alikuwa anajua tangu mwanzo. Kazija, ambaye hajui, hujamweleza. Saumu yako haitamshushia yeye presha. Na toba ya jambo lililomgusa mja mwenzako unajua mwenyewe chuoni ulifundishwa inapitia wapi. Inapitia mlangoni kwake.

Lile wazo la jembe lifute. Ungeua maua na uwongo ungebaki mzima, Kazija angekwenda porini kutafuta "dawa" ileile, na huko hakuna fito za Yunusu.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma ujumbe huu vaa kanga utoke. Usianze kwa kumzungushia maneno wala kumwuliza ameshindaje. Mwambie: "Kazija, yale si dawa, ni maua ya mbugani, niliogopa kuchekwa nikakudanganya. Nisamehe, na inuka twende zahanati." Akipiga kelele mwache apige, usijitetee hata kidogo, na usiondoke mpaka ainuke. Vidonge alivyoviruka asivifidie kwa kumeza vingi mara moja, apimwe kwanza, wahudumu wa afya ndio watamwambia aanzie wapi. Majani aliyokuwa anachemsha yabebe mkononi wayaone, kwa sababu wewe huyajui, na mimi siyajui, na mbuzi si daktari.

Mwanaidi naye mfuate leo. Mrudishie kuku wake na mayai yake, na umweleze kwa maneno yaleyale. Wote waliowahi kukuuliza waambie. Utachekwa kisimani, tena sana. Utapona.

Lile la moto: mama yako aliwachapa kwa haki, mzizi wake umeua watu, achilia mbali mbuzi. Usiuguse mzizi wake kwa mkono mtupu. Lizungushie miiba, na kila anayeingia uani kwako, mkubwa kwa mdogo, asikie kwa mdomo wako kwamba ni sumu. Kama huna hakika ya kulilinda, na lifukiwe mbali. Ndiyo, nimeona ulivyoandika kuhusu uzuri wake, na bado nasema lifukiwe.

Yunusu mwambie leo, akishakula. Usimwandalie machozi. Mshike mkono umpeleke nyuma ya bafu, umwonyeshe mpira ulivyofunguka, umwambie ulivyoniambia mimi, na siku ile ya trekta pia. Mwanaume aliyekata fito akayalinda majani asiyoyajua kwa kuwa tu mkewe kasema, unamwogopea nini miaka mitatu? Akikasirika, ana haki, nyamaza. Akidai kichanja chake, mpe nafasi yake. Kiangazi kikifika, mizizi ikiwa imelala, ichimbe polepole kama ulivyoichimba mara ya kwanza, muombe ukingo mmoja wa shamba lenu la ufuta, hatua mbili tatu kwa upana, trekta lisipite hapo, uirudishe ilikotoka. Mbegu zikikomaa zikusanye, mpe Warda, wape na wengine kila mmoja akapande nyumbani kwake. Vitu vya ajabu namna hiyo visitegemee uani kwa mtu mmoja anayeona haya.

Umeniuliza ufanyeje upate vyote viwili. Sijui kama utavipata. Maua yakifyekwa mwaka huu huenda kuna kitunguu kimoja kimejificha, na mvua ikakiita. Kazija mvua haimwiti. Nenda sasa, na ukifika kwake nitumie neno moja tu, kwamba umefika.

Neno lilikuja saa kumi na dakika ishirini: "Nimefika. Ananigombeza huku anavaa viatu."