Mwenyekiti Yuko Safarini

Da Lat, Vietnam
18 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Theodora,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umemaliza kuvuna alizeti, goti limetulia, na wale kuku niliokuachia bado ni kuku, hawajawa mchuzi. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Sostenes anakula, analala, na ameongezeka kidogo upande wa mbele. Mimi nimepungua kwa kutembea, na tangu nistaafu uuguzi hii ndiyo mara ya kwanza miguu yangu haivimbi jioni. Tunamshukuru Mungu.

Utajiuliza mdogo wako amepatwa na nini hata akumbuke karatasi na kalamu zama hizi. Sababu ni Kefa wa dukani. Ujumbe wowote unaoingia kwenye simu yako anakusomea yeye, na akishausoma yeye, Kinyangiri nzima imeusoma. Haya nitakayokuambia ni yako peke yako kwanza. Vaa miwani, funga mlango, soma taratibu. Bahasha nimeigandisha kwa gundi pande zote, maana inapitia sanduku la usharika na wahudumu wa pale nawafahamu.

Nianze na lililotutoa nyumbani, kwa sababu nilipoondoka nilikuambia nataka kuona dunia, na hiyo ilikuwa nusu tu ya kweli. Unajua maisha yetu yalivyokuwa. Sostenes alikuwa bwana shamba, kutwa juu ya pikipiki, leo Iguguno kesho Nduguti. Mimi nilikuwa zamu za wodini. Tulilea watoto kwa kupokezana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Nikajipa moyo kwamba siku tukistaafu wote wawili, tutakaa chini tunywe chai mpaka birika liishe. Ndoto za mchana hizo. Alipostaafu tu, wakamfanya mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa. Akaongezewa kamati ya maji, kisha chama cha wakulima wa alizeti, halafu misiba, halafu harusi zote kuanzia kwetu mpaka Sekenke. Mwanaume mwenye suti, sauti nzito na asiyejua kusema hapana, kwetu hawezi kuachwa akanywa chai.

Harusi ya Ritha wako siihesabu kwenye malalamiko. Tangu marehemu shemeji atutoke, Sostenes ndiye baba wa mtoto yule, na siku alipochaguliwa kuiongoza kamati nilipiga makofi na mimi. Lakini usiku ule nyumbani aliniita mjumbe. Alisema, ahsante mjumbe, chakula kilikuwa kizuri. Hapo ndipo nilipoamua. Nilichukua kiinua mgongo changu, watoto wakaongeza nauli, nikamwambia tunakwenda Asia, mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina lake. Alikubali, kama anavyokubali kila kitu. Simu yangu nilimwachia binti yetu Anastasia pale Singida mjini. Ya kwake ilikataa kuachwa.

Tulianzia India, na aibu ilitupata kabla hatujatoka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimefungasha unga wa mlenda, kwa maana nani ajuaye huko ughaibuni watu wanatelezeshea ugali kwa nini. Walipofungua begi wakakuta mfuko wa unga wa kijani, tuliitwa pembeni. Waliuliza ni dawa gani. Sostenes, badala ya kujibu kwa kifupi, aliwapa somo zima kama yuko kwenye mafunzo ya wakulima: jinsi majani yanavyochumwa, yanavyoanikwa na yanavyotwangwa. Walipouliza unamfanya nini anayetumia, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba unashuka wenyewe bila kutafuna. Wakaitana na wengine. Mwishowe akaomba sufuria ili awapikie waone. Tuliachiwa baada ya muda mrefu, sisi tukatoka na mlenda ukabaki. Bado naukumbuka.

India ni nchi ya kutazama, dada, ila nilitazama peke yangu. Kikao cha jioni huko nyumbani huku kinaangukia wakati wa chakula, hivyo kila usiku mume wangu alikuwa anafungua vikao kwa sala mbele ya sahani inayopoa. Tulikwenda kwenye lile jumba la marumaru nyeupe ambalo mfalme alimjengea mkewe aliyefariki. Nilisimama pale nikalia kidogo, nikamwambia Sostenes atazame kazi ya mwanaume aliyempenda mke wake. Alikuwa ameligeuzia mgongo. Mtandao ulishika vizuri upande ule, na Emilian, katibu wenu, alikuwa anataka uamuzi kama kamati ikodi maturubai ya bluu au meupe.

Katika mji mmoja tulikutana na harusi barabarani, bwana harusi amepanda farasi, ngoma zinalia, na watu wakatukaribisha kwa ukarimu mkubwa. Mtu mwingine angecheza. Sostenes aliuliza mwenyekiti wa kamati yuko wapi. Alipoambiwa hakuna kamati, kwamba baba wa bibi harusi ndiye anayeshughulika na kila kitu, alimhurumia yule baba kama mtu aliyefiwa. Alitaka kujua kadi za michango ziligawiwa lini na nani anazuia wanaozamia. Nilienda kuosha mikono, niliporudi nikamkuta katikati ya barabara anaelekeza farasi aegeshwe wapi. Wenyeji walimtii. Hilo ndilo tatizo la mwanaume huyu, hata asiyejua lugha yake anamtii.

Thailand alipata raha ya aina nyingine. Watu wa kule wakikusalimu wanaunganisha viganja na kuinama kwa heshima. Sostenes alisema hatimaye amepata taifa linalojua shikamoo, na kila aliyemwinamia alimwitikia marahaba. Hakuishia hapo, alisimama akawauliza habari za nyumbani na za mifugo. Mlangoni pa hoteli yetu walikuwa wanapanga mstari asubuhi, na sisi tulikuwa tunachelewa kutoka. Siku moja akamwitikia marahaba bibi kizee wa miaka tisini aliyekuwa ananyoosha mikono yake tu. Binti yake alitufafanulia kwa upole kwamba pale mdogo ndiye huanza. Sostenes aliona haya, akampigia bibi shikamoo mara tatu ili kufidia.

Sasa nifike Malesia, kwenye jambo ambalo mmelisikia wote kutoka kwa Sostenes mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Tulipanda ngazi nyingi sana kwenda kwenye pango lenye hekalu, na ngazi zile zina tumbili wasio na adabu hata kidogo. Kabla ya kuvua viatu, Sostenes alinipa simu nimshikie. Nilikuwa na mkoba wangu begani na mkononi mfuko wa nailoni wenye karanga. Tumbili mmoja alishuka, akaunyakua mfuko, akapanda nao juu ya mwamba akakaa anabangua karanga huku anatutazama. Sostenes aliniuliza kwa hofu kama simu ilikuwa mle. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Dada, simu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliiweka mle mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Nilimwacha mume wangu akimfokea mnyama asiye na kosa kwa dakika nyingi, huku watalii wanapiga picha. Kwenye chumba tulichofikia niliizima, nikaiviringisha ndani ya khanga, nikaisukuma chini kabisa ya begi langu.

Ninaona aibu kukuandikia hivyo, na ninaona aibu zaidi kukuambia kwamba nilifurahi. Asubuhi iliyofuata aliamka akakaa kitandani mikono haina kazi. Siku mbili alikuwa mkali kama mgonjwa aliyekatazwa tumbaku. Siku ya tatu aliniuliza hizi hereni nimezinunua wapi. Nilimwambia alinipa yeye, alipotoka semina Dodoma, mtoto wetu wa pili akiwa anatambaa. Akazitazama tena, akasema zinanipendeza. Nilienda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie ninavyolia.

Tangu hapo tumekuwa watu wawili. Hapa Vietnam tuko kwenye mji wa milimani wenye baridi, kwa mama mmoja anayelima kahawa na maua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Sostenes hakusubiri hata siku ya pili. Anashinda shambani na yule mama, wanazozana kwa vidole kuhusu nafasi kati ya mche na mche, naye ameshindwa mara nyingi na anakubali. Mchana anarudi, tunakunywa kahawa barazani, ananisimulia. Ana hadithi nyingi mno, dada. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo kumbe nilikuwa naishi na kofia yake.

Ningeweza kukaa na furaha yangu ya wizi mpaka tutakaporudi Julai, lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki iliyopita nilimpigia Anastasia kwa simu ya mwenyeji wetu. Aliniambia kanisani mmetuombea kwa ajili ya wale tumbili. Nikavumilia. Kisha akasema kamati ya Ritha imekaa, na imeazimia wajumbe wachange wamnunulie mwenyekiti simu mpya. Akaongeza kwamba wewe ndiye uliyetoa mchango wa kwanza, kwa kuuza kuku wawili wa kwako. Hapo sikuweza tena.

Jana asubuhi nilisubiri Sostenes amalize kahawa, nikaenda kulichimba begi nimletee simu yake na nipokee hukumu. Khanga niliikuta, imekunjwa vizuri. Simu ilikuwa pembeni, imefungwa ndani ya leso ya Sostenes, ile ya mistari. Nilikaa sakafuni. Nilipotoka nayo mkononi, aliitazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka mama mwenye nyumba akaja na maji.

Alisema aliipata siku nyingi, kule kule Malesia, akitafuta dawa ya mgongo kwenye begi langu. Aliiwasha. Zikaingia meseji mfululizo hadi ikapata moto mkononi. Akasoma tatu, akaizima, akaifunga kwenye leso kwa kuwa khanga yangu ilikuwa na unyevu, akairudisha alipoikuta. Nilimkumbusha kwamba baada ya hapo aliendelea kuwalaani tumbili mbele yangu kila jioni. Alisema aliona mimi napenda kuwalaani, akaona aniunge mkono. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi huu umenishinda.

Halafu aliacha kucheka, na hili ndilo lililonifanya nikae na kalamu. Alisema katika harusi zote alizoongoza hajawahi kuiona hata moja. Siku ya harusi ya Anastasia wetu, wakati mtoto anaingia ukumbini, yeye alikuwa nyuma ya jengo anagombana na dereva aliyeleta kreti pungufu za soda. Alisikia vigelegele kupitia ukutani. Aliporudi, mwanawe ameshakaa, na watu wakampongeza kwa kazi nzuri. Amelibeba jambo hilo miaka yote akidhani hakuna aliyegundua. Anastasia aligundua, dada, aliwahi kuniuliza, na nilimjibu kwamba baba yuko kazini.

Kwa hiyo Sostenes anajiuzulu uenyekiti. Amenituma mimi kwa kuwa kwako wewe ndiko anakoogopa kusema hapana, na hii ni hapana yake ya kwanza, naomba uipokee vizuri isije ikawa ya mwisho. Anasema Esta, makamu wake, ndiye amekuwa akifanya kazi yote, apewe cheo chake. Emilian asipewe, tutakesha kwa hotuba. Michango ya simu irudishwe kwa wenyewe, na kuku wako wawili nitawalipa kwa matetea yangu. Kuhusu tumbili, uwaambie watu lolote utakaloona linafaa, mimi nitalibeba.

Harusi hatuikimbii. Tutafika mapema, kabla ya kitchen party. Anaomba kitu kimoja tu kwako, kwamba Ritha atakapoingia, kiti cha baba kiwe mbele kabisa, na yeye awe amekikalia. Soda zikiisha, na ziishe. Mtu akija kumwita nje, mwambie yule mzee hayuko kazini.

Wasalimie Ritha na mwenzake mtarajiwa, mchungaji, Esta na majirani wote wanaotuulizia. Kuku wangu wape pumba za kutosha. Sostenes anakuamkia, anaitwa shambani na yule mama wa kahawa, nami nanyanyuka kumfuata.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Evodia