Kamashine ka Nestori

Kasulu, Jumamosi, Novemba 2014

Mvua imeanza kabla sijaamka na mpaka naandika hapa bado inatonya. Baridi ya huku kwetu milimani mnaijua. Nimevaa koti, nimekunywa chai vikombe viwili, na bado kuna kitu kinaniunguza humu ndani.

Ni wivu.

Haya, nimeandika. Mnaotaka kucheka chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Obedi, fundi wa kusafisha masofa hapa Kasulu mjini. Sikusema mmoja wa mafundi, nimesema fundi. Kabla yangu watu walikuwa wanachapa makochi yao kwa fimbo kama wanaua nyoka. Mimi ndiye niliyeleta povu, brashi laini na taulo la kukaushia. Shule niliiacha kidato cha pili, tuligombana mimi na hesabu, hesabu ikashinda. Lakini ungemuuliza mtumishi yeyote aliyehamishiwa huku, daktari, mwalimu, bwana shamba, nani anayelirudisha kochi lililokuwa limekufa, angekwambia ni Obe.

Angekwambia hivyo mpaka juzijuzi.

Kisha akaja Nestori kutoka Kibondo. Kijana mrefu, mpole, ana tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Kule Kibondo alikuwa anasafisha ofisi za mashirika ya kambi za wakimbizi, na huko ndiko alikojifunzia mashine. Akafika hapa na yake, kamashine kadogo kama begi la mwanafunzi wa bweni, kana bomba moja na matangi mawili. Tangi moja la maji safi, jingine la uchafu. Unabana kitufe, kanatema maji kwenye kitambaa. Unavuta bomba, kananyonya maji na uchafu wote. Basi. Mimi msimu wa mvua nikiosha sofa linakaa barazani siku tatu, likianza kunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Yeye akimaliza asubuhi, jioni watu wanakalia.

Mji mzima ukawa Nestori, Nestori. Hata mama yangu mzazi kaniuliza, "Huyo Nestori, kwao ni akina nani?" Mama!

Sasa niwape umbea wenyewe. Na mimi nanunua mashine. Maharage yote ya shamba la Kitanga yameshauzwa, hela iko tayari. Jofu, mtoto wa mama mdogo, yuko Mwanza kwenye duka la vifaa vya usafi, na kaniwekea mbili za kuchagua. Kuna ndogo, pacha wa ile ya Nestori. Na kuna kubwa iliyotumika kidogo hotelini, ndiyo maana bei zinakaribiana. Kubwa ina matairi, inachemsha maji yenyewe, ina nyaya mbili za umeme, na inarusha maji kama gari la zimamoto. Jofu alitaka jibu leo kabla hajafunga duka, kwa sababu mzigo unapakiwa kwenye basi alfajiri. Hela ni ya mashine moja. Nikikosea, sina kingine cha kuuza mpaka maharage yaote tena.

Jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Kubwa. Kijiweni nilishatangaza, nikawaambia washikaji kwamba siku likishuka kwenye basi, Nestori atarudi Kibondo kwa miguu. Masofa wala sikuyafikiria. Nilikuwa namfikiria Nestori tu.

Asubuhi nikasikia yuko kwa Mwalimu Zuhura.

Kwa Mwalimu Zuhura! Mama wa Kitanga, yaani wa Tanga kule pwani, si hii Kitanga yetu ya maharage, kahamishiwa huku zamani na ndiye mteja wangu wa kwanza kabisa. Kesho anapokea wageni wanaokuja kumposa binti yake, anataka makochi yake yang'ae, na simu kampigia Nestori. Mimi nina simu. Ina chaji. Haikulia.

Nikaenda. Nilijiambia naenda kumsalimia Mwalimu. Uongo mtupu, nilikwenda kutafuta kasoro.

Bodaboda iliniacha chini ya kilima cha kwa Mwalimu, na kilima chenyewe kilikuwa tope jekundu linaloteleza kama sabuni. Mbele yangu niliona nyayo za mtu mmoja. Nestori alishapanda, mashine mkono mmoja, dumu la maji mkono wa pili. Hilo nililiona nikajifanya sijaliona.

"Mwakeye, fundi mkuu," akanisalimia. Hilo "mkuu" mpaka sasa sijajua lilikuwa heshima au kejeli.

"Salama. Naona umekuja na kapasi kako."

"Karibu utazame kanavyonyoosha."

Mwalimu akatokea jikoni. "Obedi mwanangu, usininunie. Kwa mvua hii nikikuita wewe, wakwe zangu watakalia mkeka."

Nikacheka kwa meno. Moyoni hapakucheka mtu.

Nestori akaendelea na kazi. Anatema maji kidogo, anavuta polepole, anatema, anavuta, hana haraka. Na yale maji yaliyoingia kwenye tangi la uchafu, jamani, yalikuwa mekundu kama barabara ya Kibondo. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikatazama ukutani.

Lile sofa nililisafisha mimi mwezi uliopita.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema hayo maji ni ya kumnawisha mtoto uso. Nikasema sofa linataka maji ya kufika kwenye mifupa, na mashine yangu ikija watayaona.

"Masofa ya huku hayataki maji mengi, Obe," Nestori akajibu bila kugeuka. "Huwezi kujua ndani wameweka nini."

"Nisijue mimi? Hilo nimelijaza mimi, kwa mikono hii, nilipokuwa kibarua kwa seremala!"

Na ni kweli. Hapo sikupiga soundi.

Akasimama, akanipa bomba. "Basi shika, mwenye sofa."

Angeninyima ningesusa, ningeondoka, na yasingetokea haya. Lakini alinipa, Mwalimu ananitazama, binti wa watu anachungulia mlangoni. Nikachagua mkono wa sofa, nikabana kitufe. Nikabana. Nilitaka kuonyesha maana ya maji. Nilikiachia nilipotosheka mimi, sofa lilikuwa limetosheka zamani.

Kidogo tukasikia matone. Chini ya sofa maji ya kahawia yanadondoka, na harufu ikapanda, harufu ya ghalani.

Ndipo akili ikanirudia. Kwa yule seremala sponji ilikuwa ya sehemu ya kukalia tu. Mikono ya sofa tulikuwa tunajaza nyasi kavu na magunia chakavu ya maharage, tunakaza kitambaa juu yake. Mteja akibonyeza anasikia kugumu, anasema hii ndiyo imara. Mafundi wote wa hapa wanafanya hivyo. Na gunia likishalowa humo ndani halikauki, linaoza taratibu, na anayelikalia ndiye anayepewa lawama ya ile harufu.

"Obedi," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo sana. "Kesho nina wakwe."

Na umeme ukakatika.

Yebaba we! Nilitamani Nestori anicheke, nipate sababu ya kugombana. Hakucheka. Alilipindua sofa miguu juu, akanipa koleo. "Wewe uliyefunga, fungua."

Nikang'oa pini za chini, moja moja. Nikavuta gunia la kwanza, la pili, nyasi zimelowa kama za kulishia ng'ombe. Pamoja na magunia yakamwagika maharage sakafuni, yale yaliyokuwa yamebaki kwenye mishono miaka yote ile, sasa yanang'aa kwa maji.

Mwalimu akayatazama. Akanitazama. "Kumbe miaka yote nakalia kande!" Akacheka mpaka akashika mlango, na binti yake akacheka, na mimi nikaokota maharage ya watu nimepiga magoti kama naomba radhi. Labda nilikuwa naomba.

Nestori alikuwa ameshatoka mbio. Akarudi na kinyozi wa jirani, wamesaidiana kubeba kajenereta kake, kale ka kuendeshea mashine ya kunyolea na kuchaji simu za mtaa. Wakakawasha. Kakakohoa, kakasita, kakakubali. Nestori akanyanyua mashine kwa mkono mmoja, akaingiza mdomo wa bomba ndani ya mkono wa sofa kupitia chini, mimi nikishikilia kitambaa kisishikane na mbao. Akanyonya kila kona. Mwalimu akatoa kipande cha godoro la zamani, tukakijaza pale palipokuwa na magunia, nikafunga mwenyewe. Hapo nilifunga vizuri, andikeni hilo.

Kabla ya adhana ya alasiri Mwalimu akapapasa mkono wa sofa, kama anavyopapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Pakavu. Akakaa. Akaegemea.

"Ahsante, Nestori mwanangu. Na wewe Obedi, ahsante kwa maharage."

Nimerudi nyumbani nimelowa, nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Ndani yangu kuna mtu anapiga kelele, kubwa, chukua kubwa! Huyo mtu namjua, ndiye aliyebana kitufe leo. Nikajaribu kumjibu. Lile dubwana lenye matairi nani angelipandisha kile kilima? Nyaya mbili zile ningezichomeka wapi, kwa kinyozi? Na yale maji ya zimamoto, kwenye magunia niliyojaza mimi nyumba baada ya nyumba katika mji huu? Ningeyaotesha makochi ya Kasulu nzima.

Lakini ndogo ni ya Nestori. Nikichukua ndogo, kijiwe kizima kitasema nimeiga. Na watakuwa wanasema kweli, hapo ndipo panapouma.

Jofu akapokea huku anafunga milango ya duka.

"Vipi bro, nikupakilie kubwa?"

Nikafuta tope kwenye kiatu kwa kidole gumba.

"Ndogo," nikasema.

"Si ulisema ndogo ni ya washamba wa Kibondo?"

"Jofu, pakia ndogo."

"Sawa mzee. Kuna nyekundu na kuna bluu."

Ya Nestori ni nyekundu. Nikamwambia bluu. Na nikamwambia apime bomba za zote zilizopo dukani, akiona moja imezidi nyingine japo kwa upana wa kidole, hiyo ndiyo yangu. Amecheka, lakini amesema atapima.

Wivu haujaisha, msidanganyike. Umepungua kidogo tu, kama tope likianza kukauka.

Sasa najiuliza swali moja ambalo silipendi hata kidogo. Mashine ikishashuka kwenye basi, hapa Kasulu nani atanifundisha kuitumia? Nimekaa hapa natafuta jina lingine tofauti na lile. Chai imepoa, na jina lingine sijalipata.