Karatasi ya Chupa Imemwachisha Mwanangu Uji

Mpendwa Bibi Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukipinda ujue ni yeye anavuta mkono, nisaidie maana kosa ni langu na sijui pa kulianzia. Mume wangu Pankras hukamua sharubati na kuiuza hapa Mbamba Bay siku ya meli, na Bwanali mwenye duka alimwambia chupa isiyo na karatasi abiria hawaiamini, basi kwa kuwa mimi ndiye niliyefika darasa la nne nikaambiwa niandike, na karatasi ya chupa niliyowahi kuiona ni ile ya dawa ya zahanati tu, nikainakili: Tikisa kwanza, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Pankras akasimama nyuma yangu akisema ongeza huleta damu, ongeza hukaza mifupa, ongeza chupa moja ni sawa na sahani ya ugali na samaki, nikaongeza, nikaandika pia kwamba ni maembe matupu ilhali nusu ni papai, sukari na maji, nikabandika kwa uji wa muhogo, na chupa zote za siku hiyo zikaisha kabla meli haijaondoka.

Sasa mama mkwe, Mama Kunigunda, hajui kusoma lakini karatasi anaiheshimu kuliko padri. Ameacha ugali, anakunywa sharubati kwa kijiko, na Wendelini wangu wa miezi tisa amemwachisha uji, nikienda shambani kulima muhogo humpa kijiko kutwa mara tatu, mtoto anaharisha, yeye anasema ni damu inaingia. Kila asubuhi ananiambia, "Mama Wendelini, nisomee," nami nasoma uongo wangu kwa sauti yangu mwenyewe. Juzi nikajaribu kufupisha, akasema, "Umeruka mifupa." Nikarudi kwenye mifupa. Nikamwambia mama, labda aliyeandika alikosea, akanijibu, "Mtu aliyesoma hadi akaandikia chupa, wewe wa darasa la nne ndiye utamkosoa?"

Pankras anasema nikitoboa siri nitamwaibisha kwa mama yake na kwa abiria. Nifanyeje? Jina langu usilitaje, nitajulikana.

Mimi, Mama Wendelini, Mbamba Bay.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeniomba nikufiche, lakini umemtaja mume, mkwe, mtoto na bandari, sasa sijui nikufiche nyuma ya chupa ipi.

Pole kwa uchovu. Pole yangu imeishia hapo.

Pankras alisema, sawa, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwako. Mtoto wa miezi tisa hajui karatasi, anajua njaa. Leo hii arudi kwenye uji, na umpeleke zahanati, na mganga akiuliza amekunywa nini usimsomee karatasi, mwambie kilichomo. Shambani nenda naye mpaka mambo haya yaishe. Najua ni mzito.

Mumeo mwambie abiria hupanda meli wakaenda zao, mama yake anabaki, na akidhoofika kwa kuacha ugali, atakayembeba kumpandisha hospitali ya Mbinga ni yeye Pankras. Sharubati ni tamu, na utamu unatosha kuiuza. Chupa zilizomo nyumbani mzimwagie maji ya moto, uji wa muhogo utaachia. Andika upya: Maembe, papai, sukari, maji yaliyochemshwa. Huondoa kiu. Na kama maji hamyachemshi, chemsheni kwanza ndipo uandike, usinifanyie tena yale yale.

Kesho asubuhi mama mkwe akisema nisomee, msomee hiyo mpya hadi mwisho, Pankras akiwa amekaa hapo hapo. Atakuambia umeruka mifupa. Usirudi kwenye mifupa. Mwambie kwa adabu, "Sikuruka, mama. Aliyeandika ni mimi."

Halafu mwekee ugali mbele yake kabla hajapata la kujibu.