Kompyuta ya Baba Yako Usiitupe

Biira mjukuu wangu,

Hapa Kyondo tumeamka wazima. Goti la bibi yako limetulia, kahawa imeiva, na shangazi yako wa Bwera anakusalimu sana.

Umeniuliza kuhusu kompyuta ya marehemu baba yako, ile inayotumia Linux. Umeiwekea dereva mpya, ile programu ya kuendesha picha, na sasa kioo ni cheusi tu. Je, uitupe?

Nilipokuwa wa umri wako niliharibu mashine ya baba yangu ya kumenya kahawa. Niliona kisahani chake cha chuma cha kubambulia maganda kimechakaa, nikafunga kipya kinachong'aa kutoka Kasese. Kikavunja karibu kila punje. Mzee hakunigombeza, alikaa chini akichambua zilizopona, na hilo ndilo lililoniuma. Mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kununua kahawa akaitazama, akacheka: "Hii mashine iko muzee. Mutafutie kisahani ya rika yake." Tukakipata kwa jirani, kwenye vyuma vyake vya zamani. Jana nilimenya kahawa kwa mashine hiyohiyo.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta hapo Bwera. Anasema kadi ya picha ya baba yako ni ya zamani, dereva mpya haiitambui. Iondoe hiyo dereva kwanza, kisha uweke ile ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili yake. Nenda polepole, usiikasirikie.

Ikiwaka, jina la baba yako litatokea pale pa kuandika nywila. Usikimbilie kuandika. Mwambie kwanza kwamba baba yake anamsalimu.

Babu yako