Kongamano la Vaffel

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesoma maoni ya wageni wa kongamano letu la teknolojia la mwaka jana. Loo! Wa kwanza kaandika: mihadhara mizuri, sikuongea na mtu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kaandika aliongea na mlango — ulimgonga, akauomba radhi. Nimecheka mpaka kahawa ikanitoka puani!

Kisha bosi wangu, Gaute, akanikata kicheko. Wageni wasipochangamka safari hii, makao makuu wanalihamishia Oslo. Oslo! Na mimi nimelilea hapa Trondheim kama mwanangu. Thubutu!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata!

Jioni tulikuwa na msaragambo wa mtaa, majirani wote pamoja kufagia majani. Yule bwana wa ghorofa ya juu, ambaye kwenye lifti hutazama viatu vyake tu — leo kapewa reki, kafunguka! Kanisimulia ndoa yake ya kwanza yote, na ya pili nusu. Ndivyo tulivyo watu wa huku. Ukitupatia kiti, tunanyamaza. Ukitupatia kazi, tunapayuka.

Basi wageni watapanga viti wenyewe, watapika wenyewe! Nimewaandikia: mwenye mashine ya kuokea vaffel, vile vikeki vyetu bapa vya vishimo, aje nayo.

Gaute kashika kichwa. Mtu kalipa kiingilio, wewe unampa mwiko? Una wazimu, Torunn! Nikamwambia ninao, tena wa kutosha wawili. Akasema haya, ila mambo yakiharibika, Oslo utawaeleza wewe.

Jumatano, 12 Novemba

Kesho! Nimekoroga ndoo nzima ya unga huku naimba. Paka kakimbia.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nimejibanza nyuma ya jukwaa, simu ndiyo taa yangu. Mungu wangu!

Asubuhi waliingia kimya, kila mtu na ukuta wake. Nikawagawia unga wangu, kila mtu auongeze maziwa apendavyo, na miiko. Wakaishika kama mtoto mchanga. Kisha mama mmoja wa mji wa Bodø akamwambia jirani yake: kaka, unga mzito huo, unaoka au unajenga? Naye: wa kwako, dada, nitaunywa kwa mrija! Ukumbi ukalipuka. Iliki iwekwe, isiwekwe, jibini la kahawia au jemu — kelele! Nilitaka kulia kwa furaha. Nikalia.

Balaa sasa: kila mtu kaja na mashine. KILA MTU! Na wamezichomeka zote, maana nani aje kwenye msaragambo halafu asimame tu? Profesa wa usalama wa mitandao ndio kwanza anapanda jukwaani — pu! Umeme wote kwisha. Skrini, maikrofoni, intaneti.

Nikasema basi, Oslo hiyo.

Halafu gizani sauti: nani ana tochi? Mwingine: swichi kuu iko wapi, jamani? Sasa wamejazana wote kwenye kisanduku cha umeme, kila mmoja anajua kuliko mwenzake, wanasukumana, wanacheka! Profesa kavua koti, anawamulikia. Mama wa Bodø anapitisha vaffel za mwisho za moto. Hakuna aliyeondoka. Hata mmoja!

Umeme bado. Gaute huyo anakuja, ananiita jina langu lote, la ukoo pia, uso mwekundu. Mkono mmoja simu — Oslo wanapiga, naona jina kwenye kioo. Mkono mwingine bakuli tupu.

Simu inaita. Hapokei. Ananiuliza, unga umebaki?