Macho ya Mjomba Jovnna

Inari, Januari

Kaka yangu Niillas,

Pokea salamu zetu huko Oulu, nimezitoa karibu na jiko ili zisigande njiani. Hujambo? Mafua yameisha? Sisi wazima. Mama anauliza kama unakula au unakunywa kahawa tu.

Habari kubwa ni ya Mjomba Jovnna. Tangu msimu wa kwale weusi ufunguliwe, kila akimlenga ndege aliyetua kileleni mwa mti, anamkosa. Jirani yetu Uula hakumwacha apumue: "Mzee, kwale wanasema karibu tena kesho, wamekuzoea!" Mjomba alicheka, lakini nyumbani alimwambia Mama kwamba macho yamekwisha, hawindi tena.

Unanijua, mimi si msemaji. Ila nilikumbuka kwamba zile risasi mlizijaza baruti wenyewe, wewe na yeye, mwezi Agosti kwenye joto, na darubini ya bunduki mkairekebisha mmevaa fulana. Sasa ni baridi ya kupasua miti, na risasi yeye huzivaa kwenye mkanda, nje ya koti. Nikamwomba twende uwanja wa shabaha, mara moja tu. Akasema, "Haya mwanangu, twende tukaizike bunduki."

Risasi nyingine nilizilaza kwenye theluji, nyingine nikazibana kwapani. Mjomba akazifyatua zote. Za kwapani zilipiga katikati. Za theluji zilitua chini, karibu upana wa kiganja, zimekaa pamoja kama ndugu. Kumbe baruti ikipoa huwaka kivivu, risasi ikakosa mbio. Mjomba aliikodolea macho karatasi ya shabaha, kisha akapaza sauti, "Uula yuko wapi?" Darubini akairekebisha papo hapo kwenye baridi. Leo tumekula kwale, na Uula ndiye aliyemnyonyoa.

Sasa nikiri, Kaka. Kabla ya hapo Mjomba alikuwa ameshaifunga bunduki ndani ya blanketi, akaniambia niandike jina lako juu yake, iwe yako. Najua umeitamani tangu utotoni. Nilisimama na kalamu, nikamwona yeye dirishani, mikono imelegea mapajani. Sikuandika. Niliifungua. Mimi ndiye niliyekunyima, na aibu yangu ni kwamba nafurahi.

Ukija Pasaka nigombeze utakavyo. Lakini kwanza tumfuate kwenye theluji, uone anavyotutangulia.

Mama na mbwa wote wanakusalimu. Jifunike vizuri.

Mdogo wako,
Sunná